Kuuliza Njia Katika Nchi ya Hispania



Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ni kweli. Lakini huko Hispania nilijifunza kwamba kuuliza ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kulielewa jibu.

Nilikwenda na mjomba wangu, aliyebatizwa kwa jina la Mtume Yakobo. Tangu ujana alitamani kusali penye kaburi la somo wake, ambalo kwa mapokeo ya kale limo katika kanisa kuu la Santiago de Compostela. Mahujaji wameiendea njia hiyo kwa miguu kwa muda wa miaka 1000 na zaidi. Atakaye kupewa cheti cha hija kwa kwenda kwa miguu hana budi kutembea angalau kilometa 100. Basi sisi tulianzia mji wa Sarria, ulio kiasi cha kilometa 115 kutoka Santiago.

Njia yenyewe haimpotezi mtu. Juu ya mawe, miti na kuta za nyumba imepakwa mishale ya rangi ya manjano. Aliyeanza kuipaka, mwaka 1984, ni Padre Elías Valiña, paroko wa O Cebreiro, kijiji kilicho mlimani. Aifuataye mishale hiyo hufika Santiago. Lakini mishale haimwonyeshi mtu mkate uliko, wala kitanda, wala dawa. Kwa hayo sharti afungue kinywa.

Nami nilijiona tayari. Kihispania kina vokali tano kama Kiswahili chetu, na husomwa karibu kama kinavyoandikwa. Neno “Misa” kwao ni “misa” vilevile; mjomba alifurahi sana kulisikia. Nilijua kwa moyo maneno “¿Dónde está?”, yaani “Iko wapi?” Nilijua kwamba mkono wa kushoto ni “izquierda”, na ile “z” huko hutamkwa kama “th” ya thelathini. Mkono wa kulia ni “derecha”.

Siku ya tatu tulifika mji wa Melide. Ilikuwa Jumamosi, saa saba ya mchana imekwisha pita. Malengelenge ya mjomba yalikuwa yamepasuka, na mguu umeanza kuvimba. Huko maduka mengi hufungwa saa nane, na siku ya Jumamosi mengine hayafunguliwi tena hata Jumatatu. Nilimketisha mjomba penye benchi, nikamwendea kijana mmoja, nikamwuliza vizuri kabisa: “Por favor, ¿dónde está la farmacia?”

Kumbe hapo ndipo taabu ilipoanza. Kwa kuwa nilisema vizuri, kijana alidhani najua lugha, akanijibu mbio kama maji ya mto. Katika maneno yote nilidaka moja tu, “derech…”, nikamshukuru, nikakata kulia. Nilitembea robo saa. Nyumba zikaisha, nikajikuta mbele ya ng’ombe na mashamba ya kabichi.

Bibi mmoja alikuwa akipalilia. Nilimwuliza tena, lakini safari hii niliongeza: “Más despacio”, yaani “polepole zaidi”. Naye alipojibu, sikuondoka. Nilirudia maneno yake huku nikionyesha kwa mkono: kulia? Bibi akacheka, akatikisa kichwa. Akachukua mpini wa jembe, akachora mstari ardhini, mrefu na ulionyoka. “Derecho”, akasema. Kisha akachora tawi linalotoka upande wa kulia: “Derecha”.

Ndipo nikaelewa. Neno likiishia kwa “o”, maana yake ni moja kwa moja mbele. Likiishia kwa “a”, ni mkono wa kulia. Yule kijana hakunidanganya. Mimi ndimi niliyesikia nusu. Wala tusiwacheke Wahispania. Kwetu pia mtu hukata kulia, na mtu hulia akaitwa yuko katika kulia. Mgeni asikiaje?

Bibi hakuniacha na mchoro tu. Aliweka jembe chini, akanifuata hata njia panda, akaninyoshea kidole hata nikaona msalaba wa kijani, ambao huko ndio alama ya duka la dawa. Nilikimbia. Mwenye duka alikuwa ameshika funguo mkononi. Alinitazama, akafungua tena.

Nilipomsimulia mjomba huku nikimfunga kitambaa, alisema: “Mwanangu, uliuliza kama mwalimu, ukasikiliza kama mtoto mwenye haraka.” Sikuwa na la kujibu.

Tangu siku ile nilishika kanuni tatu. Naomba niambiwe polepole. Narudia jibu kwa mdomo na kwa mkono. Tena, nikitembea kitambo bila kuona nilichoambiwa, namwuliza mtu wa pili. Siku chache baadaye tuliingia Santiago, mjomba akichechemea lakini akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Uwanjani alimwendea mzee mmoja, akasema neno moja tu, “¿Misa?”, akatega sikio na macho pamoja. Mzee alimwonyesha mlango. Hatukupotea.

Wasomaji wapenzi, huenda wengi wetu hatutafika Hispania. Lakini wageni hupita vijijini mwetu kila siku, wakitafuta parokia, zahanati au nyumba ya ndugu. Mgeni akikuuliza njia, usimjibu mbio kisha ukarudi kwenye kazi yako. Sema polepole, mwache arudie, na ukiweza weka jembe chini umfikishe njia panda. Pengine kuna mgonjwa anayemngoja penye benchi.