Mwewe wa Tunduma

Mtu akitoka Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, na kufika Tunduma mpakani na Zambia, kwanza ataona foleni ya malori. Akiinua macho ataona mwewe. Ndege huyu huvuka kwenda Nakonde na kurudi bila pasi, akitafuta mabaki ya nyama.

Sisi wauguzi tunamwogopa kwa ajili ya watoto. Mtoto anakula andazi uani, mwewe anashuka kimya kutoka nyuma, ananyakua na kupaa. Anachotaka ni andazi tu, lakini kucha zake zaweza kujeruhi uso au jicho.

Mwewe wetu ana mdomo wa njano na mkia wenye panda. Hula panya, kumbikumbi, nzige, mizoga na makombo. Hata ndege wenzake huwanyang'anya, kama afanyavyo skua wa bahari za kaskazini, anayemfukuza mwenzake angani mpaka adondoshe samaki. Jike hutaga mayai 2 au 3 hivi juu ya mti mrefu, katika kiota cha vijiti kilichotandikwa matambara na karatasi. Anapoatamia, dume humletea chakula, na mara nyingine chakula hicho ni kifaranga chetu.

Kuku ni akiba ya mama: ndiyo daftari, sare na nauli ya kwenda kliniki. Kwa uchungu huo, wengine hutega nyama yenye sumu. Tunawasihi, msifanye hivyo. Sumu huua mbwa na paka, na mtoto mdogo aweza kuiokota. Tena mwewe akifa, panya wanafurahi.

Kinga ni bora kuliko tiba. Vifaranga wachanga tuwafunike kwa tenga au wavu. Utumbo wa kuku tuufukie. Nyama tuibebe ndani ya kikapu chenye kifuniko, na watoto wale chini ya paa.

Mtoto akikwaruzwa, tuoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha tumpeleke zahanati ili ichunguzwe kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Jicho likiumia, tusilisugue wala tusitie dawa ya kienyeji. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwewe anahangaika kulisha wanawe. Nasi tuwalinde wetu, bila kutega sumu katika ua wanaochezea.