Nani Hukaa Kwenye Ile Sofa?

Chekeni tu, lakini mimi hutazama KBC. Si kila siku. Huwa ni nikiwa ocha kwa shosho, ambapo bando huisha siku ya pili na runinga inashika stesheni chache. Yeye jambo likisemwa KBC, kwake limeisha. Ukimwonyesha kitu TikTok anauliza, "Na KBC wamesema?"

Namwelewa. Shosho alikulia Sauti ya Kenya, VOK, ambayo jina lilirudi kuwa KBC mwaka wa 1989. KTN, runinga ya kwanza ya kibinafsi, ilikuja 1990. Kabla ya hapo ungebadilisha stesheni uende wapi? Ndiyo maana wanajeshi waliojaribu kupindua serikali Agosti 1982 walikimbilia VOK, na Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza kwamba Moi ameondolewa. Ni huyo huyo Mbotela wa "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi kilichoanza 1966 na kudumu zaidi ya miaka 50. Hebu fikiria, nusu karne mtu anakuuliza kwa upole kama tabia zako ziko sawa, na watu wanasikiliza. Hakukuwa na sofa wala vikombe vyenye nembo ya mdhamini.

Siku hizi ni sofa kila mahali. Mbunge, wakili, "mchambuzi" na mbunge mwingine. Wiki ijayo wanarudi walewale, wamebadilisha tai tu. Sisi vijana tunapewa dakika kumi asubuhi, katikati ya mapishi na hali ya hewa.

Kuna stesheni iliniita hivyo. Siitaji. Nauli ilitoka mfukoni mwangu, nikafika saa kumi na moja alfajiri na daftari. Nilitaka kuongea juu ya ushuru wetu sisi wa maudhui, ile asilimia 5 ya Sheria ya Fedha ya 2023 (walikuwa wamependekeza 15, hebu jiulize). Manze, niliulizwa maswali matatu na yote yalikuwa ya chuo. Niliacha kwa nini? Mama alisemaje? Nawashauri nini wanafunzi? Chini ya jina langu kwenye skrini waliandika: ALIACHA CHUO. Kama ni kazi yangu vile. Daftari sikulifungua.

Sasa linganisha na 2024. Juni 30, baada ya maandamano, Rais Ruto alikaa Ikulu na wanahabari watatu wa runinga. Mambo yalikuwa sawa tu, maswali yalikuwa makali kiasi. Lakini siku tano baadaye alikuja Space kule X, na hapo mambo yakawa tofauti. Watu walimwuliza moja kwa moja kuhusu waliouawa. Hakuna aliyewaandikia kitu chini ya majina yao. Nilisikiliza hadi betri ikaisha.

Shosho hakuwa huko. Ana kabambe. Ilibidi nimweleze kwa simu, na mimi nikieleza kitu naongeza chumvi, mnanijua.

Halafu Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yasimame, na mitambo ya NTV, KTN na Citizen ikazimwa hadi mahakama ilipoingilia. Sisi wa Nairobi tulihamia YouTube bila hata kupepesa. Shosho alibaki na kile kilichobaki.

Kwa hivyo mkiniambia KBC ife, tuko na simu, nawauliza ni nani hao "tuko". Kila akinunua sabuni analipa ushuru kama mimi. Hiyo stesheni ni yake. Mimi naona watoke pale Harry Thuku Road na kamera mbili, waende soko lolote siku ya soko, waweke viti vya plastiki, wamwite gavana, wampe mama mboga maiki. Kwa Kiswahili. Bila mapishi.

Shosho tayari ana swali lake, la barabara ya kwenda sokoni, na amelikariri vizuri. Ananiuliza kila Jumapili kama nimepata namba ya kupiga.