Askari wa Miiba

Nianze kwa kukiri. Mimi ninayewahubiria kila mwezi habari za lishe, nilikuwa na mtoto wa miaka mitano asiyekula samaki. Hata harufu yake hataki. Akimwona mezani anaziba mdomo kwa viganja viwili, utadhani anataka kunyweshwa dawa chungu.

Lingekuwa jambo dogo kama baba yake asingekuwa mtu wa Kilwa. Kwa mume wangu, wali bila samaki ni kama chai bila sukari. Mimi nimekulia Dodoma, ambako samaki wengi waliofika kwetu walikuwa wakavu, na siku ya samaki mbichi ilikuwa ya kuhesabu.

Basi Alhamisi moja mwenzangu akarudi nyumbani na changu wawili. Akawakaanga mwenyewe, akatenga. Mtoto akaziba mdomo. Baba akakaza: "Leo haondoki mtu hapa mpaka sahani iishe." Ikawa machozi, ikawa kelele, mwisho mtoto akatapika palepale mezani. Mume wangu akasukuma sahani yake, akaniangalia mimi, si mtoto. "Mama anakuja wiki mbili zijazo. Nimwambie nini? Kwamba mjukuu wake anakula soseji tu?"

Jamani, neno lile liliniuma. Nami sikunyamaza, nikamjibu kwamba mtoto halishwi kwa amri. Ijumaa nzima tukashinda tunasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Wenye ndoa mnanielewa: hapo hamgombanii samaki tena, mnagombania nani kalea vibaya.

Jumamosi asubuhi nikamchukua mwanangu, tukaenda soko la samaki la Feri. Sikuwa na mpango wowote wa maana. Nilitaka tu kutoka ndani ya nyumba ile. Lakini mtoto alipoona jodari mkubwa kuliko yeye, pweza aliyejikunja kwenye beseni na watu wanavyopigiana kelele za mnada, macho yakamtoka. Akauliza maswali mpaka muuzaji akacheka. Halafu akanivuta gauni, akanong'ona: "Mama, miiba yake iko wapi? Ile inayoua?"

Nikashtuka. "Nani kakwambia inaua?"

"Si wewe?"

Nikaishiwa maneno, maana ni kweli. Nilipokuwa na miaka saba mwiba ulinikwama kooni. Nikalishwa matonge makavu ya ugali mpaka ukashuka, jambo ambalo madaktari hawalishauri, kwa sababu tonge linaweza kuuzamisha mwiba zaidi. Ukigoma kutoka, mwahi hospitali. Tangu siku ile namla samaki kwa woga. Na kila nilipomwekea mwanangu kipande, sikuwahi kusema "karibu, kitamu." Nilisema, "Angalia miiba! Taratibu! Utakabwa!" Kumbe mtoto hakuwa na kiburi wala hakudekezwa. Alikuwa anaamini maneno ya mama yake.

Nikamweleza muuzaji shida yangu. Akanishauri nichukue nguru, kipande cha katikati, kwa kuwa miiba yake ni mikubwa na si mingi kama ya samaki wadogo. Nikahakikisha nyama ni ngumu kidogo ukiibonyeza na haina harufu kali. Ukinunua samaki mzima, angalia pia macho yawe angavu na mashavu yawe mekundu.

Nyumbani nikamvalisha kofia ya baba yake, nikamwapisha rasmi kuwa Askari wa Miiba. Kazi yake: kukagua. Malipo: shilingi mia kwa kila mwiba. Nilichemsha nusu kilo ya nguru kwa chumvi, ndimu na tangawizi, nikamwacha apoe. Mtoto akanawa mikono, akaanza kuchambua mnofu kwa vidole, polepole, ulimi nje, kama fundi saa. Mimi nikawa napita nyuma yake kuhakikisha. Akapata miiba tisa, akaipanga mstari kwenye kisosi. Shilingi mia tisa zangu zikaenda.

Tukauponda ule mnofu pamoja na viazi mviringo vitatu vilivyochemshwa, karoti ya kukwaruza, kitunguu kilichokatwa vidogo na kotimiri. Kisha ndiyo raha yenyewe: kufinyanga. Wengine walitoka samaki wenye mikia, mmoja akatoka gari. Macho tukaweka njegere. Nikawachovya kwenye yai, nikawagaragaza kwenye chenga za mkate na kuwakaanga mpaka wakawa rangi ya dhahabu. Mwenye oveni aoke tu, atapunguza mafuta.

Sikumwambia ale. Nilikaa nikala wa kwangu. Akaniangalia, akachukua lile gari, akaling'ata tairi. Alikula matatu.

Jioni baba alipoingia, mtoto alimpelekea sahani mwenyewe. "Baba, kula usiogope. Nimekagua." Mume wangu akala kimyakimya, akaniangalia, safari hii kwa jicho lingine. Tukampigia mama mkwe, tukaweka sauti ya nje, mtoto akahadithia yote. Bibi akacheka sana. "Mjukuu wangu, mbona baba yako nilikuwa namchambulia miiba mpaka yuko darasa la tatu?"

Mwenye Kilwa yake akainamisha kichwa. Usiku ule tuliongea mpaka saa sita, akaniomba radhi, nami nikamwomba.

Mama mkwe alikuja, na changu mzima mtoto bado hakumla. Lakini alikaa karibu na bibi yake wakachambua pamoja, na minofu miwili mitatu ikaingia kinywani bila mtu kupiga kelele. Kwangu huo ni ushindi.

Kwa hiyo wewe unayepigana vita ya sahani kila jioni, weka fimbo chini. Anza na samaki wa miiba michache, mpe mtoto kazi jikoni, kaa mle pamoja. Na kabla hujauliza kwa nini hataki, sikiliza kwanza unavyomkaribisha. Sisi kwetu siku hizi kila Jumamosi ni ya kukagua. Tatizo ni moja tu: askari wangu anadai nyongeza ya mshahara.