Bima ya gari haijui talaka

Haya wapendwa, nimepotea hapa kijiweni, najua. Wengine mmedhani baridi ya Makete imenigandisha. Hapana. Tulikuwa tunaachana, mimi na shemeji yenu.

Tuliachana kistaarabu. Kitanda, televisheni, masufuria, nusu saa tumemaliza. Gari akaniachia, maana mimi ndiye ninayehangaika nalo kati ya Ikonda na Njombe kusaka habari. Nikajua yameisha, hadi asubuhi moja ukungu uliponifanya nikwaruze ubavu wa Fuso la mbao. Kioo cha pembeni kikaenda, mlango ukabonyea. Mimi mzima. Hapo ndipo nikakumbuka bima.

Nikaenda kwa wakala, Njombe mjini. Kamwene, kamwene. Nikamwambia nataka bima yetu igawanywe, kila mtu abaki na yake. Akacheka hadi akavua miwani.

"Dada, bima haikatwi kama mkate. Kadi ya gari ina jina la nani?"

La shemeji yenu.

"Na bima?"

La huyo huyo.

Basi bwana, ikawa hivi. Tuna bima kubwa, na fidia ya gari hulipwa mwenye bima. Yaani ningepinduka, mimi niko wodini, hundi iko kwake. Hata lile punguzo la miaka minne bila kudai, nililolipata kwa kuendesha kama nimebeba mayai, ni lake! Hilo ndilo lililoniuma kuliko mlango.

Usiku nikafungua Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 60 kinasema mali yenye jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa jasho la wote, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, hata kazi za nyumbani ni mchango. Sawa, lakini sisi hata baraza la usuluhishi hatujafika. Tuligawana kwa mdomo, sebuleni.

Wakala kasema tuanzie TRA, kadi ihamie kwangu, kisha nikate bima mpya. Inahitaji saini yake.

Nikampigia, nimejiandaa kwa ugomvi. Akakaa kimya, halafu akauliza, "Uliumia?"

Jamani, sikuwa na jibu.

Jumanne tunaonana Njombe. Gari nimeliegesha, nitapanda basi.