Mikono ya mama na safari ya kumutafuta rumatologu

Nilipofika Kabambare kufuata habari ya barabara, nilimukuta mama amekaa mbele ya nyumba, chai imepoa kando yake.

"Mama, mbona hunywi?"

"Mwanangu, ngoja jua lipande kwanza. Asubuhi vidole havikunjike."

Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba, mikono yote miwili. Majirani walikuwa wamekwisha kukata kesi: wamoja walisema ni sombe aliyotwanga miaka mingi, wengine walinong'ona kwamba amelogwa. Muuza dawa mumoja alikuwa anamuuzia vidonge vya dexa. Akivimeza, anatembea vizuri siku mbili, uso unajaa, kisha maumivu yanarudi.

Nilimupandisha pikipiki mpaka Kasongo. Kituo cha kwanza walituambia: "Ni rumatismu ya uzee," wakatupa dawa ya maumivu. Mama hana hata miaka 55.

Kwenye hospitali, docta mumoja aliketi akamuuliza. Ugumu wa asubuhi unadumu muda gani? Zaidi ya saa moja. Unashika viungo gani? Vidogo, pande zote mbili. Ukianza kazi, maumivu yanazidi ao yanapungua? Yanapungua.

Akatueleza: artrozi, kulika kwa kiungo, inauma zaidi ukifanya kazi. Goute mara nyingi inaanza usiku, ghafla, kwenye kidole kikubwa cha muguu. Lakini hii inafanana na poliartriti: kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Dexa inatuliza tu, na aliyeimeza muda mrefu asiiache ghafla, ni hatari. Apunguze polepole chini ya muganga.

Mutaalamu wa ugonjwa huu ni rumatologu. Nimeuliza Kasongo, nimeuliza Kindu, sikumupata. Cliniques Universitaires ya Kinshasa iko na kitengo cha kazi hiyo, lakini nauli ya ndege inashinda mavuno yetu. Basi docta alimupigia simu mwenzake kule, akamutumia picha za mikono na matokeo ya damu.

Jibu lilikuwa metotreksati: mara moja kwa juma, hapana kila siku, maana kuimeza kila siku kunaweza kuua. Na damu ipimwe mara kwa mara. Mama alichagua Ijumaa, kisha sala, ili asisahau.

Ndugu zangu, kama viungo vimevimba juma nyingi na asubuhi vinakataa, musikae na dexa ya duka. Mumuombe muganga amuulize rumatologu, hata kwa simu. Kiungo kimoja kikiwa moto pamoja na homa, mukimbie hospitali siku ileile. Na ninyi wakubwa wa afya: mutaalamu akitufikia hata mara mbili kwa mwaka, wamama wengi wataokoa mikono yao.

Mama hajapona, ugonjwa huu unatulizwa, hauondoke. Lakini juzi alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa amebonyeza namba yeye mwenyewe.