Agana na Nyonga

Ukitaka kuruka, walisema wazee, agana na nyonga. Siku hizi vijana wa Mbagala na Tandika tunaruka kwa kompyuta, na nyonga zetu ni diski, RAM na yuniti za LUKU.

Programu nyingi hutufikia zikiwa zimeshaiva: unapakua, unaweka kwenye mashine, unatumia. Lakini zipo zinazotolewa pamoja na msimbo wake chanzo, yaani yale maandishi yenyewe ya mtengenezaji, na wewe ukiwa na kompaila unaweza kuyageuza kuwa programu hapo hapo nyumbani. Ni kama kupeleka kitambaa kwa fundi badala ya kununua shati dukani. Unasema mfuko nautaka hapa, kola iwe hivi. Raha yake ndiyo hiyo. Ila fundi cherehani yeyote, kabla hajagusa mkasi, anapima kwanza. Kitambaa cha mita moja hakitoi kanzu hata ukimbembeleza.

Nina mshikaji wangu anayemsaidia mama yake kwenye steshenari ndogo: kuchapa barua, kutoa fotokopi, kuprinti vyeti. Kompyuta wanayo moja tu, ya mtumba, RAM GB 4, diski GB 250. Akapata wazo la kujitengenezea Android yake mwenyewe, yenye Kiswahili cha huku kwetu uswahilini. Wazo zuri, wala sikulicheka. Mama alikuwa karibu kupokea hela ya mchezo, na kijana alishaanza kuipigia hesabu ya bando.

Nikamwambia, "Kaka, soma kwanza inataka nini."

Tukasoma. Mwongozo wa Android unadai RAM isiyopungua GB 64 na nafasi tupu ya GB 400. Akakaa kimya. Kisha akasema, "Kumbe hii hawakuandika kwa ajili yetu."

Neno lile limenikaa kichwani. Kila orodha ya mahitaji inaonyesha mtengenezaji alikuwa akimfikiria nani. Ndiyo maana inafaa kuisoma kabla ya kutoa hata senti.

Kupima kwenyewe hakumalizi dakika tano. Katika Linux, free -h inakuonyesha RAM, df -h nafasi ya diski, uname -m aina ya prosesa, na gcc --version toleo la kompaila. Hilo la mwisho wengi hulidharau, kumbe Linux 5.15, iliyotoka 2021, haikubali GCC iliyo chini ya 5.1. Kisha unafungua faili la README au INSTALL na kulinganisha. Programu nyingi zina hati ndogo iitwayo configure, ambayo hukagua kama vifaa na maktaba zinazohitajika zipo. Lakini kwa kawaida haikuulizi una RAM kiasi gani, wala haijui kama yuniti zitafika asubuhi. Hayo ni ya kwako.

RAM ikiwa ndogo, kazi inaweza kwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, pale vipande vinapounganishwa, halafu mfumo ukaiua kwa neno moja tu: Killed. Hapo usiku umekwisha. Na ukiandika make -j8 kwenye RAM ya GB 4, kazi nane zinagombea sahani moja. Umeme kukatika kuna nafuu kidogo, maana make huangalia mafaili yaliyokwisha na kuendelea na yaliyobaki.

Basi tukatafuta kitambaa kinachotosha. Tukaipata Lua, lugha ya programu iliyoanzishwa 1993 na Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes, katika chuo kikuu cha PUC-Rio huko Brazili. Kuanzia 1977 hadi 1992 nchi yao ilibana sana uingizaji wa kompyuta na programu za kigeni, hivyo watu walizoea kujitengenezea. Msimbo wote wa Lua ukifungashwa haufiki MB 1, na kikubwa unachodai ni kompaila ya C. Kwenye kompyuta ile ya steshenari ulikamilika kabla mteja wa fotokopi hajarudishiwa chenji. Mshikaji akaingia kwenye mafaili, akabadili ujumbe mmoja wa makosa ukawa wa Kiswahili, akatengeneza upya. Akakosea makusudi, na mashine ikamkemea kwa Kiswahili. Alicheka mpaka mama yake akaja kuchungulia.

Wapo watakaosema kupima hivi ni woga, kijana aachwe aote makubwa. Na aote. Lakini hela ya mchezo ina watu wanaoisubiri: kodi ya pango, ada, karatasi za dukani. Anayepima anajua leo aanze na kipi, na kipi kingoje siku yake.

Nasi tutakapotoa programu zetu, tuandike mahitaji yake kwa ukweli, na tuongeze mistari miwili: inakula bando kiasi gani, na inataka saa ngapi za umeme. Kijana wa Tandale au Mwananyamala aisome, apime, aamue mwenyewe.