Rahisi kwa Nani?

Sisi walimu wa lugha tumezoea kuwaeleza wanafunzi kwamba neno "rahisi" lina maana mbili: kitu kisicho ghali, na jambo lisilo gumu. Aghalabu hatukawii hapo. Twatoa mifano miwili, somo likaendelea.

Hivi karibuni niliipata barua kutoka Ureno. Mwandishi wake ni Mholanzi niliyemfundisha Kiswahili hapa Kampala alipokuwa mhandisi. Amestaafu na miaka 53, ilhali kwao malipo ya uzeeni ya serikali huanza katika umri wa miaka 67. Kwa hiyo itambidi aishi kwa akiba kwa muda mrefu. Amepanga nyumba kijijini karibu na Fundão, mji wa bara unaosifika kwa matunda ya cheri. "Mwalimu wangu," aliandika, "maisha ya hapa ni rahisi."

Rahisi ipi? Ile ya bei naikubali: kodi za huko bara ni ndogo kuliko za Lisbon, na mboga, mafuta ya zeituni na mvinyo havimlemei. Lakini ile ya pili barua yenyewe iliikana. Nyumba ni ya mawe, na wakati wa baridi hukaa karibu na moto mchana kutwa. Majirani ni wazee, kwani vijana wamehamia mijini na ng'ambo. Na ofisini hakuna anayemngoja atafute maneno. Kiswahili kimemfaa kidogo: meza ni mesa, bendera ni bandeira, mvinyo ni vinho. Nilimwonya tu kwamba gereza letu limetokana na igreja, yaani kanisa, asije akamhurumia jirani aendaye huko kila Jumapili.

Niliisoma barua hiyo katika chumba cha walimu. Mwenzetu mmoja, aliyetimiza miaka 45, umri ambao mtumishi wa serikali Uganda aweza kuomba kustaafu mapema, aliiazima. Baada ya siku chache alirudi na hesabu. Mholanzi hakuhitaji viza, maana nchi yake na Ureno zote zimo katika Umoja wa Ulaya. Mtu wa kwetu atakaye kuishi huko kwa pensheni sharti aonyeshe pato lisilopungua kima cha chini cha mshahara wa Ureno, ambacho mwaka 2025 kilikuwa yuro 870 kwa mwezi. Akimchukua mkewe, aongeze nusu yake. Hizo 870 pekee ni zaidi ya shilingi milioni tatu za Uganda. Mwenzetu alilikunja karatasi lake, akaenda darasani.

Walakini hata Wareno wenyewe hawaoni urahisi huo. Mwaka 2023 maelfu waliandamana Lisbon kulalamikia kodi za nyumba, na miongoni mwa sababu walizozitaja ni fedha za wageni zilizopandisha bei. Kuhusu jambo hili mwanafunzi wangu aliandika mistari michache tu, nayo ndiyo niliyoirudia mara nyingi. Mwenye nyumba wake ana binti aliye mwalimu kama sisi. Amepangiwa shule Lisbon, na chumba kinaumeza mshahara wake. Kila mwezi mama huchukua sehemu ya kodi anayolipwa na mgeni wake kijijini, akampelekea binti aongezee kodi yake.